Kilo 40 za vitofali vya mtumba: ninunue au niache?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimempata mtu anayeuza vitofali vya LEGO vya mtumba, vile vya plastiki vya watoto kujengea na kuchezea, kilo 40, vimechanganyika ndani ya maboksi manne. Anauza kwa kilo na anataka nichukue vyote kwa mkupuo. Nimesikia vitofali hivi hupanda bei kuliko dhahabu. Je, ninunue? Na nikishanunua, niuze kwa kilo, kwa seti, au kimoja kimoja?"

Marahaba. Nianze na hiyo dhahabu, maana ndiyo inayowatoa watu fedha mfukoni kabla hawajauona mzigo. Maneno hayo yalipata nguvu kutokana na utafiti wa wachumi wa Higher School of Economics, chuo kikuu cha Moscow. Walichukua seti 2,322 zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakakuta kwamba kwenye soko la pili, yaani la kuuziana tena baada ya dukani, bei zake zilipanda kwa wastani wa asilimia 11 hivi kwa mwaka. Habari ikaenea, ila jambo moja likadondoka njiani: seti zilizopimwa zilikuwa mpya, maboksi yake hayajafunguliwa. Mzigo wako hauna boksi wala seti inayojulikana. Ukiuweka stoo miaka mitano utaukuta vilevile, umeongeza vumbi tu.

Kwa hiyo usiutazame kama akiba. Unachonunua hapo ni kazi ambayo muuzaji ameshindwa au hakutaka kuifanya, yaani kuchambua. Kitofali cha kawaida cha vinundu (vile vivimbe vya juu vinavyoshikanisha) viwili kwa vinne kina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo kilo moja ya hivyo peke yake ni vipande kama 430. Mzigo uliochanganyika una vidogo vingi zaidi, na makadirio ya kawaida ni vipande 600 hadi 800 kwa kilo. Tuchukue 700. Kilo 40 ni vipande 28,000. Ukitumia sekunde tano kwa kila kipande, kukiokota, kukitambua na kukitupa kwenye bakuli lake, ni takriban saa 39, na hapo umechambua mara moja tu. Bado hujaosha, hujahesabu, hujapiga picha, hujafunga hata kifurushi kimoja. Anayekuambia biashara hii ni rahisi hajawahi kukaa sakafuni na ndoo ya vitofali.

Ndiyo maana kwenye bei nina kanuni moja na siivunji: usilipe zaidi ya kile ambacho ungepata kama ungeuosha mzigo wote na kuuuza tena kwa kilo, bila kuhesabu kijitu (mwanasesere mdogo wa LEGO) hata kimoja. Bei ya kilo ndiyo sakafu. Hata mambo yakienda kombo, hapo utafika. Vile vijitu vidogo vyenye kichwa na miguu, seti zinazoweza kukamilika, mota na vipande adimu ndivyo vitakavyokulipa zile saa 39. Ukishamlipa muuzaji kwa hesabu ya hazina uliyoifikiria tu, umemlipa mshahara wako mwenyewe kabla hujaanza kazi.

Lakini hesabu hiyo haifanyiki kwa uzito anaokutajia. Ndani ya kilo 40 za mzigo uliotoka nyumbani kwa watu mna magari ya plastiki, betri, penseli, vitofali vya kampuni nyingine, nywele za paka na vitu ambavyo ni afadhali visitajwe. Omba kuchota sampuli. Chota sehemu tatu tofauti za kila boksi, mojawapo iwe chini kabisa, mpaka ufikishe kilo moja au mbili, kisha umwage mezani na utenge kilicho LEGO safi na kisicho. Pima takataka. Zikiwa gramu 200 kwa kilo, basi unanunua kilo 32, hununui 40, na unajadiliana kwa hizo 32.

Nasisitiza chini kabisa kwa sababu maboksi yakitikisika, vipande vidogo hupenya katikati ya vikubwa na kushuka, na vikubwa hubaki juu. Picha ya boksi lililofunguliwa hukuonyesha kuta, mabamba na magurudumu hata kama muuzaji hakukusudia kukudanganya. Panga, kofia, mikono ya vijitu, vigae (vibamba laini visivyo na vinundu) vyenye michoro na vipande vinavyoonyesha mwanga vimelala chini pamoja na mchanga. Mnunuzi aliyeangalia juu tu amenunua nusu ya habari.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: kuna mtu aliyeshapita hapa kabla yangu? Mzigo uliokwisha kuchotwa hujitangaza wenyewe. Nyumba iliyonunulia watoto seti kwa miaka haikosi vichwa, nywele, farasi, usukani na vioo vya magari. Ukichota kilo mbili ukakuta miguu mingi lakini hakuna viwiliwili, au viwiliwili vipo vyote ni vya rangi moja visivyo na mchoro, mtu ameshaondoa nyama akakuachia mifupa. Mzigo wa namna hiyo unaweza kununuliwa, ila kwa bei ya vitofali vya kujazia, na usisikilize hadithi ya "sijawahi kuugusa". Muuzaji akikataa kabisa usichote, hesabu maboksi yote kana kwamba ni ya kujazia tu. Akiona bei hiyo ni ndogo, atafungua.

Jambo la pili la kuuliza, na hili huongeza thamani kuliko unavyodhani, ni vitabu vya maelekezo. Mara nyingi vimekaa kwenye droo nyingine, na muuzaji anaviona ni karatasi tu. Viombe vyote, hata vilivyochanika. Kampuni yenyewe inaweka maelekezo bure kwenye tovuti yake, kwa hiyo mnunuzi wa mwisho ataishi bila karatasi. Anayevihitaji ni wewe. Kila kitabu kina namba ya seti kwenye jalada, na ukiwa na namba kumi na mbili unajua ni seti gani kumi na mbili zimezama ndani ya hayo maboksi. Unageuka kutoka mtu anayepapasa gizani na kuwa mtu mwenye orodha. Bila vitabu itakubidi uanze na kipande cha ajabu, chenye mchoro au rangi isiyo ya kawaida, usome namba ndogo iliyo upande wa ndani, kisha utafute kwenye katalogi ya tovuti ya BrickLink au Rebrickable kilitokea katika seti zipi. Kisichosomeka kipige picha: tovuti ya Brickognize hutambua vipande na vijitu kwa picha, na kwa anayeanza inaokoa muda mwingi.

Sasa kuhusu visivyo LEGO. Kitofali cha kweli kina jina la kampuni juu ya kila kinundu, herufi ndogo lakini zinasomeka. Visivyo na vinundu, kama vigae, mara nyingi hubeba jina upande wa chini. Kichwa cha kijitu kina jina kwenye kinundu cha juu, na kiwiliwili kinalo shingoni, kwa hiyo ng'oa kichwa utazame kabla hujakiita cha thamani. Wengi hudhani kila kitofali kisicho na jina hilo ni cha wizi. Hapana. Hataza ya kitofali, yaani haki ya pekee ya mbunifu kukitengeneza, iliombwa Denmark tarehe 28 Januari 1958 na ilikwisha zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la kitofali lisajiliwe kama alama ya biashara. COBI ya Poland na Mega ya Mattel ni bidhaa halali zenye wanunuzi wao. Bandia ni nyingine: zile zinazonakili seti nzima na vijitu vyake, kama zilivyouzwa kwa jina la Lepin hadi polisi wa China walipouvunja mtandao huo mwaka 2019. Tenga halali zisizo LEGO, uziuze kwa jina lake au kwa kilo ukisema wazi. Bandia usiuze. Hapa sina huruma, maana konzi moja tu ya vitofali vya ajabu ndani ya kifurushi ulichoandika "LEGO tupu" inatosha kukuharibia jina kwa mnunuzi ambaye angerudi kila mwezi.

Hali ya plastiki ndiyo inayowapunja wanaoanza, kwa sababu haionekani kwa mtazamo wa haraka. Tangu 1963 vitofali hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, ngumu na inayodumu. Ndiyo maana cha miaka ya 1970 hushikana na cha leo bila taabu. Vya kabla yake vilikuwa vya selulosi asetati, na hupinda. Ukikuta vitofali vilivyopinda vyenye maneno "Pat. Pend." (yaani hataza imeombwa) ndani, usivitupe wala usivichanganye na vya kuchezea, wakusanyaji wa vya kale huvitafuta. Lakini usitarajie kuvikuta katika mzigo wa kawaida.

Utakachokikuta ni umanjano. Nyeupe, kijivu na bluu vilivyokaa dirishani hugeuka rangi. Watu huviloweka kwenye haidrojeni peroksaidi na kuvianika juani, na kweli rangi hurudi kwa kiasi kikubwa. Mimi hufanya hivyo kwa kipande ghali tu. Kwa lundo zima ni kupoteza dawa na siku, na umanjano waweza kurejea baadaye. Ukikifanyia kipande, mwambie mnunuzi.

Kisha kuna rangi zinazovunjika. Kahawia na nyekundu iliyoiva, hasa katika vipande vya miaka ya 2000 na ya 2010, zina sifa mbaya: unakitenganisha kibamba na kingine, kinapasuka mkononi kama biskuti. Usianze kujaribu kila kimoja. Vitenge, punguza thamani yake kwenye hesabu, na usiviahidi kwa seti ghali bila kuvikagua kwanza.

Kijivu nacho kina mtego wake. Karibu mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu chake, hafifu na kilichokolea, pamoja na kahawia. Vijivu vipya vina ubluu kidogo. Ukiwa chini ya taa ya njano huoni tofauti. Mnunuzi wa seti ya miaka ya 1990 ataiona akifungua kifurushi tu, na atarudisha. Chambua kijivu mchana, karibu na dirisha.

Harufu ya sigara ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Alama za meno, la, hizo ni kwenye vipande vichache na utavitupa.

Kuosha hakuna siri: maji yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, sabuni laini, suuza, anika kivulini kwenye taulo mpaka maji yaliyojificha ndani ya vinundu yakauke. Maji ya moto hupindisha plastiki. Tenga kabla vitu vya umeme, vitambaa, vyenye stika na vilivyong'arishwa kama chuma. Kampuni inasema mashine ya kufulia isitumike. Wafanyabiashara wengi hutumia wakiwa wameviweka kwenye mfuko wa wavu. Mimi mashine naipa vitofali vya kujazia peke yake, kamwe si vijitu, kwa sababu michoro hukwaruzana.

Katika kuchambua, kosa la karibu kila mtu ni kuanza na rangi. Meza inapendeza, picha inapendeza, kazi haijasogea. Jaribu kutafuta kigae chekundu cha kinundu kimoja ndani ya ndoo nyekundu tupu, jicho linazama. Lakini katika bakuli la vigae vya rangi zote, chekundu kinakurukia chenyewe. Kwa hiyo tenga kwa umbo, rangi ije baadaye na pale tu inapolipa.

Na usichambue vyote. Mpito wa kwanza ondoa vijitu na kila kilicho chao, yaani nywele, kofia, silaha, makoti na mikono iliyochomoka; ondoa wanyama, vitu vya umeme, vipande vyenye michoro, na chochote ambacho hujawahi kukiona. Mpito huo ni wa haraka kwa sababu hutambui kipande kwa kipande, unaokota tu kinachojitokeza. Asilimia kubwa ya thamani ya mzigo itakuwa kwenye sinia moja. Mpito wa pili ni wa seti ulizo na vitabu vyake. Baada ya hapo jiulize: saa moja zaidi ya kuchambua itaongeza nini kwenye bei? Kama jibu ni dogo kuliko unavyoithamini saa yako, funga. Vitofali vya kawaida vya mbili kwa vinne havihitaji kutengwa na ndugu zake.

Kwenye sinia hilo la vijitu, kaa hapo. Kijitu chenye kichwa chake, kiwiliwili chake, miguu yake na kifaa chake kinaweza kuuzwa mara kadhaa ya kilichounganishwa kwa sehemu za watu watatu, hata kama mtoto aliona kinapendeza. Kitafute kwenye katalogi, ukirudishe jinsi kilivyotoka. Kagua nyufa ubavuni mwa kiwiliwili, chini ya mkono. Ni ndogo na hushusha bei. Kagua kama viganja vinashika. Vijitu vilianza kutoka mwaka 1978 na kwa miaka mingi vyote vilikuwa na uso wa njano. Rangi za ngozi zilianza mwaka 2003, hivyo rangi ya uso hukupa fununu ya umri. Vile vya filamu na hadithi maarufu hutafutwa zaidi, na baadhi ya vidogo kabisa ni ghali kuliko kilo nzima ya vitofali vilivyotoka navyo. Treni za volti 9 na mota zake, au vifaa vya Mindstorms (seti za LEGO za kuunda roboti), nazo ni za kundi hili, ila zijaribu kwa betri kwanza na ufungue kifuniko uone kama betri ya zamani haikuvuja.

Kwa upande wa kuuza, jibu langu ni njia zote tatu, kila sehemu kwa njia yake. Vijitu na vipande adimu uza kimoja kimoja. BrickLink, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Dan Jezek na kununuliwa na kampuni ya LEGO yenyewe mwaka 2019, ndiyo soko kubwa la kazi hiyo, na hata usipouza pale, tumia mwongozo wake wa bei. Unaonyesha mauzo ya miezi sita iliyopita. Soma bei zilizolipwa, achana na bei zinazoombwa. Kuomba hakuna gharama, na kuna watu wameomba bei ileile miaka bila kupata mteja.

Seti uza zikiwa kamili, au zikiwa na pengo dogo ulilolitaja. Hapa fanya hesabu kabla ya ari. Ikikosekana vipande kumi na viko kwa wauzaji watano, gharama ya vifurushi vitano inaweza kumeza faida yote. Mara nyingine ni busara kuiuza ikipungua, ukiandika orodha ya visivyokuwepo, kuliko kuikamilisha kwa hasara. Boksi likiwepo, hata limebonyea, liweke, mkusanyaji hulilipia.

Kilichobaki, ambacho kwa uzito ni karibu mzigo wote, uza kwa kilo. Pima vikiwa vikavu, maana maji yana uzito na mnunuzi mwenye mizani atajua. Gawa kwenye vifurushi vya kilo moja au mbili, changanya rangi, tia magurudumu machache, mlango, dirisha, na kijitu kimoja au viwili vya kawaida visivyokupa bei vikiwa peke yake. Mzazi hanunui uzito. Ananunua mchana wa mtoto kucheza, na kifurushi kisicho na kijitu humwachia mtoto ukuta bila mwenye nyumba. Kuviuza kimoja kimoja vitofali hivi vya kawaida ni kazi ya mwenye duka lenye maelfu ya aina, ambaye mteja humjia kununua vitu mia kwa pamoja. Wewe wa kilo 40 bado hujafika hapo, na si lazima ufike.

Neno la usalama, kwa sababu bidhaa inaishia mikononi mwa watoto. Vipande vidogo si vya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Andika hivyo kwenye kila kifurushi. Na plastiki za zamani, hasa nyekundu na njano za miaka ya 1970, ziliwahi kutiwa rangi zenye kadimiamu. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Plymouth kuhusu vitu vya kuchezea vya mtumba mwaka 2018 uliikuta katika rangi hizo. Ukivitambua vya enzi hizo, waelekezee wakusanyaji, visiingie kwenye kifurushi cha mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Kwa muuzaji wako, basi: nenda na mizani, bakuli na taa. Mtu anayetaka uchukue vyote kwa mkupuo kwa kawaida anatafuta nafasi nyumbani zaidi ya anavyotafuta bei, na hilo ni la kwako kujadiliana nalo. Asipokubali mzigo wote kwa bei ya sakafu, mwombe akuuzie boksi moja ulilochota sampuli nzuri. Ukilichambua na kuliuza lote, utakuwa na hesabu yako mwenyewe ya saa na faida, na matatu yaliyobaki utayapigia bei ukijua unachofanya.